Nawa Mikono Kabla ya Kunusa Oili

Kabla hujavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nawa mikono. Sisemi baada ya kazi, nasema kabla. Na usinawe kwa dizeli. Najua mnacheka, maana hakuna gereji hapa Nyeri, wala Karatina, wala Nanyuki, isiyokuwa na kopo la dizeli pembeni la kuoshea vyuma, na fundi akishamaliza kuosha vyuma huosha vidole vyake humo humo. Asubuhi za huku kwetu maji ya mfereji yanakata kwa baridi, na dizeli hutoa grisi mara moja bila kukutesa. Mimi nilinawa hivyo miaka mingi, kisha nikawa nanusa oili za watu na kutoa hukumu.

Sasa nimestaafu. Magoti ndiyo yaliyoniandikia barua ya kustaafu. Niko nyumbani na kuku wangu na miche ya parachichi, na haipiti wiki kabla kijana fulani hajanitumia picha ya dipstiki kwenye simu akiuliza, "Mzee Muriithi, hii oili unaionaje?" Naiona nyeusi, kijana wangu. Oili yote iliyofanya kazi ni nyeusi. Picha haina harufu, wala siwezi kuisugua kati ya vidole. Ndiyo maana nimeamua kuandika haya, ili mniachie kuku wangu wale kwa amani.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Mwenye gari huogopa oili ikipungua. Ikipanda, hufurahi. Kuna mwalimu mmoja wa Karatina aliyekuja kwetu akijisifu mbele ya wateja, "Hii gari yangu haikuli oili hata tone. Hata naona ni kama inaongeza." Watu wakampongeza. Mzee Shabani, aliyenifunza kazi, akaacha spana chini na kumwuliza taratibu, "Mwalimu, umewahi kuona ng'ombe anaongeza maziwa kwa ndoo bila kukamuliwa?" Tulipofungua injini ya mwalimu tukakuta nozeli moja haifungi, inakojoa dizeli ndani ya silinda, na dizeli ile inateremka ukutani mpaka chini kwenye sampu, ilipo oili. Oili haizai. Ikiongezeka, kuna mgeni ameingia.

Mgeni akiwa maji, utamjua kwa macho, kwa kuwa oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Akiwa dizeli ni mnafiki, habadilishi rangi. Anakaa humo kimya akiilegeza oili, na oili iliyolegea haiwezi kukaa kati ya chuma na chuma. Beringi zinaanza kulana. Wewe unasikia injini inaenda laini kidogo kuliko jana, unafurahi.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Majengo hapa mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pande nne tofauti, na alikuwa anasema Kikuyu chenye mafumbo kuliko cha mama yangu. Alinifunza njia tatu za kumkamata mgeni huyu. Ya kwanza ni pua. Ya pili ni karatasi: dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, iache mahali tambarare, nenda ukanywe chai bila haraka. Ukirudi, ukikuta doa jeusi limezungukwa na duara jepesi lenye unyevu linaloendelea kutambaa, jua kuna dizeli. Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha kilichoning'inia kwenye msumari ukutani. Alikuwa anaweka tone la oili mpya upande mmoja na tone la oili ya gari upande wa pili, anasubiri zote mbili zipoe sawasawa, kisha anakiinamisha kioo na kutazama zikishindana kuteremka. Oili iliyotumika ikimwacha mbali mwenzake, anasema, "Huyu amekunywa kitu."

Njia ya nne sikufunzwa, niliiona. Ndirangu, fundi mwenzetu, alisoma mahali kwamba oili yenye petroli hushika moto upesi. Akachovya dipstiki ya gari dogo, akawasha kiberiti, akaisogeza karibu na uso ili aone vizuri. Aliona vizuri. Alikaa bila nyusi mpaka Krismasi, na kila mteja aliyekuja alimwuliza kama ameokoka. Msijaribu.

Sasa niwaambie kuhusu ile siku nilipokuwa na njia tatu kichwani na nisitumie hata moja ipasavyo.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Njeri, aliyekuwa na lori la kubebea viazi na kabichi kutoka Endarasha mpaka Wang'uru, na likirudi linabeba mchele. Dereva wake aliitwa Kanyi, kijana wa Endarasha mwenye mke na watoto wawili, mpole, mtu wa kufuta vioo vya lori hata kabla ya kuambiwa. Lori lile lilikuwa linahudumiwa kwetu. Asubuhi moja Mama Njeri aliingia na lori na Kanyi pamoja, na uso wake haukuwa na salamu.

"Fundi, mimi nataka ukweli tu," akasema. "Hii rori siku hizi inamaliza dizeli kabla ifike. Na watu wa Endarasha wameniambia huyu huonekana kila Jumapiri akibeba mtungi akienda nao nyumbani. Sasa wewe angalia. Kama kuna mahali injini inapotezea dizeli, nitajua ni injini. Kama hakuna, nitajua ni yeye."

"Mama Njeri, mimi sijawahi kuuza dizeli yako, hata kikombe," Kanyi akasema.

"Wacha fundi aongee."

Mzee Shabani hakuwepo. Alikuwa amekwenda Isiolo kumwoza binti wa dada yake. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa gereji siku hiyo, na ukubwa ule nilikuwa nimeuvaa kama koti jipya. Nikazunguka tangi na mabomba, hakuna mahali panapovuja. Nikaingia chini ya lori, pakavu. Nikanawa mikono haraka, kwenye lile kopo la dizeli kama kawaida, nikaipangusa kwa kitambaa, nikavuta dipstiki.

Oili ilikuwa pale pale inapotakiwa, kati ya alama mbili. Nikanusa. Harufu ya dizeli ilikuwepo, lakini harufu ya dizeli ilikuwa kila mahali: kwenye vidole, kitambaa, ovaroli, nadhani hata kwenye kifungua kinywa changu. Nikajiambia, huo ni mkono wangu. Kioo kilikuwa msumarini, hatua mbili kutoka niliposimama. Ningekitumia ningechukua muda mfupi tu, lakini Mama Njeri alikuwa anatazama, na nilitaka aone fundi asiyehitaji vioo.

Kanyi akanyoosha mkono kidogo, kama mtoto wa shule. "Fundi, lakini hiyo oili—"

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Nikamgeukia mama. "Oili iko sawa. Injini haina neno."

Sikusema Kanyi ni mwizi. Sikuhitaji kusema. Mama Njeri alinyoosha kiganja, Kanyi akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka pale, akachukua koti lake kwenye kiti cha dereva. Aliniaga kwa heshima. Nikarudi kwenye kazi yangu, na niwaambie ukweli, mchana nilikula vizuri.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu magari ya siku hizi, maana najua mnasema hayo yalikuwa malori ya zamani. Haya madogo ya dizeli yanayotoka ng'ambo yakiwa yametumika, mengi yana chujio la kunasa moshi kwenye bomba la ekzosi. Chujio likijaa, injini hujimiminia dizeli ya ziada ili lipate joto na kujichoma. Hiyo inataka safari ndefu. Mtu wa hapa anawasha gari kwenye baridi, anateremka mjini kununua mkate, anazima. Kesho vile vile. Kazi ya kuchoma haimaliziki, na ile dizeli ya ziada inateremkia sampu. Kompyuta yako inaweza kukuonyesha taa ya chujio, na ukashughulika na chujio ukasahau oili. Vuta dipstiki. Na ukikuta imepanda sana, usiwashe injini hata kidogo. Dizeli ikizidi huko chini, injini inaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe, na ukizima ufunguo haikusikii. Nimeona moja ikifanya hivyo pale Nanyuki. Watu wazima waliruka ua.

Basi. Mama Njeri aliajiri dereva mwingine. Wiki ya tatu lori lilivutwa kwa kamba mpaka kwetu kutoka karibu na Sagana. Lilikuwa limenok. Kwa msiojua, injini ikila beringi huanza kugonga ndani kwa ndani, na ukiendelea kuiendesha inajivunja. Mzee Shabani alikuwa amesharudi. Akavuta dipstiki, na oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepanda kijiti mbali sana. Akasugua tone kati ya vidole, akanusa, akanipa.

"Nusa."

Nikanusa. "Oili tu. Na dizeli kidogo ya mkono."

Akaninyang'anya dipstiki. "Wewe Muriithi, hiyo pua ni yako ama ni ya dizeli? Kuja hapa."

Akanipeleka kwenye mfereji. Lazima niwaeleze kwamba Mzee Shabani hakuwahi kutia kidole kwenye kopo letu la kunawia. Alikuwa ananawa kwa sabuni ya unga na unga wa mbao, mpaka kwenye viwiko, na kwa sababu ya sala alikuwa anapandisha maji puani na kuyatoa, mara tatu. Sisi tulikuwa tunamcheka kwamba maji ya gereji yanaishia kwenye pua yake. Siku ile alinisimamia nikafanya vile vile, sabuni, unga wa mbao, pua mara tatu, machozi yakinitoka kwa baridi. Kisha akanitembeza nje barabarani, tukasimama huko mpaka akaridhika. Aliponisogezea dipstiki tena, harufu ya dizeli ilinipiga hata kabla haijafika puani.

Kosa tulilipata kwenye fidi pampu, ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Ndani yake kuna mpira mwembamba, nao ulikuwa umepasuka. Kwenye injini ile, pampu imefungwa ubavuni, kwa hivyo dizeli inayopita kwenye tundu la mpira haimwagiki nje. Inaingia ndani. Huko ndiko dizeli ya Mama Njeri ilikokuwa ikienda, wala haikwenda mfukoni mwa Kanyi.

"Yule mama ulimwambia nini?" Mzee Shabani akauliza.

Nikamwambia.

"Na dereva ako wapi?"

"Alirudi kwao Endarasha."

Akaniondolea mpira ule uliopasuka, akaufunga kwenye karatasi, akanitia mkononi. "Gari tutatengeneza sisi. Hilo lingine halitengenezwi hapa. Nenda."

Nilimpigia Mama Njeri kwanza, nikamweleza yote. Akasema, "Tangu rori ikufe jana nimempigia nimuulize, haishiki. Ukimpata, mwambie kazi yake iko." Akaongeza maneno mengine kunihusu mimi, ambayo nilistahili na ambayo sitayaandika.

Nilimkuta Kanyi shambani akichimba viazi. Hakushangaa kuniona. Nikatoa ule mpira nikamwonyesha tundu, nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Lakini kuna kitu sielewi," nikasema. "Siku ile nilipima, oili ilikuwa kwa alama."

"Si mimi ndio nilikuwa naipunguza," akasema. "Kila Jumapiri nikipima naona imepita. Nikasema, ati hawa mafundi wa Nyeri hujaza kama uji wa harusi. Nafungua kidogo, natoa mpaka ifike kwa alama. Kumwaga nikaona ni kuharibu. Nikawa naletea baba apake nguzo za boma, mchwa zisikule."

Huo ndio ulikuwa mtungi walioona watu. Kila mtu wa huku kwetu hupaka nguzo oili chafu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nguzo zinaweza kuficha ugonjwa wa injini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Ukaniambia ningoje." Akang'oa shina la viazi, akalipukuta udongo. "Hata saa hii bado nangoja."

Nimeona aibu mara nyingi maishani, nyingine nimezisahau. Hiyo sijaisahau. Nikamwambia nimekosa, nikamwomba msamaha, nikampa salamu za Mama Njeri.

"Kazi nitarudi," akasema. "Lakini mimi unaniambia ya nini? Mimi nilijua siku zote sikuiba. Enda ukamwambie yule." Akaelekeza kidole kwenye nyumba iliyo upande wa pili wa shamba. "Baba ni mzee wa kanisa. Aliposikia nimefutwa kwa wizi, aling'oa zile nguzo zote na mikono yake. Akasema mbuzi zake hazitalindwa na kitu ya kuiba. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Hata chai ya bibi yangu hanywi."

Tukavuka shamba pamoja. Baba yake alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, akichonga mpini wa jembe. Nikamwamkia kama inavyostahili, nikachutama mbele yake, nikaanza kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, kama mtu anavyosema jambo la aibu.

"Baba, mimi ni fundi wa lile lori. Nimekuja kusema kwamba Kanyi hakuiba dizeli."

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eh?"

Nikarudia, juu kidogo.

"Sema vizuri, mwanangu. Umesema nani hakuiba?"

"Kanyi! Kanyi hakuiba dizeli!"

Kwenye shamba la jirani kulikuwa na akina mama watatu wanapalilia. Wakainuka, mikono viunoni.

"Sasa dizeli ilienda wapi?"

"Ilikuwa inaingia kwa oili! Mpira wa pampu ulipasuka!"

"Eh?"

"Ulipasuka! Ni injini, si Kanyi!"

Barabarani mtu mwenye punda na mitungi ya maziwa alisimamisha punda wake. Upande wa juu mlango ulifunguliwa, mtu akatoka na kikombe mkononi.

"Na aliyesema ni Kanyi ni nani?"

Nilisimama, maana nikiwa nimechutama sauti ilikuwa haitoki yote. "Ni mimi! Mimi fundi nilipima vibaya!"

"Fundi wa wapi?"

"Wa Nyeri!"

"Na ule mtungi wa Jumapili?"

"Ilikuwa oili chafu! Ilikuwa haki yake! Hakuiba!"

Mzee akaendelea kuchonga mpini kidogo, akaupuliza vumbi, akauegemeza ukutani. Kisha akasimama, akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu tufike, na kumwambia, "Mwambie mama watoto aweke chai. Tunakuja."

Akatangulia yeye, fimbo mkononi, akishika njia ya kwenda kwa Kanyi. Sisi tukafuata nyuma, hatua kama kumi. Nikamwinamia Kanyi na kumnong'oneza, "Pole kwa masikio ya mzee. Yalianza kumsumbua lini?"

Kabla Kanyi hajafungua mdomo, mzee akajibu kule mbele bila kugeuka wala kupunguza mwendo.

"Masikio yangu ni mazima, fundi. Ni majirani walio mbali."